Shoga, hizo boriti za nyumba yako

Shoga yangu wa tangu madrasa,

Assalaam aleikum. Waonaje huko Doha na hilo joto lenu? Huku kwetu Gazi, Kwale, sote wazima, mamako pia mzima, juzi nlimkuta barazani achambua mchicha akanambia mguu umepungua kuvimba, akaniuliza kama umenambia warudi lini, nikamwambia inshallah mwakani nyumba ikiisha.

Nimeamua nikuandikie hii ndefu badala ya kukutumia voisi WhatsApp manake voisi zangu najua wazisikiza huku wapiga pasi nguo za watu, nusu yaingia nusu yapita, na hili sitaki likupite. Ni la nyumba yako.

Wiki jana nlipita kwa ploti yako kuangalia kuta. Zimefika lenta, mashallah, kazi safi, fundi wako si mtu wa kulipua. Sasa nkamkuta yeye na kakako wamechutama wapiga hesabu ya paa kwa kijiti mchangani, fundi asema paa lote pamoja na lile baraza la mbele litakula korija tano za boriti, pau na fito mbali, kakako akamwambia hilo lisikutie wasiwasi, nshaongea na mtu, boriti zaja na mtumbwi bamvua hii, maji makubwa, usiku, bei nusu ya bei, na ni mkoko mtupu. Nlinyamaza pale pale sababu sikutaka kumuaibisha mbele ya fundi, lakini usiku sikulala vizuri. Mtumbwi, usiku, maji ya bamvua yakiwa yamejaa mpaka ndani kabisa ya mkono wa bahari, mimi na wewe tumezaliwa hapa, twajua boriti hizo zatoka wapi. Korija tano ni miti mia moja shoga. Miti mia, na iliyonyooka, manake fundi haezeki kwa mti uliopinda, hivo watachagua ile mizuri mizuri ndo waiangushe.

Wewe uliondoka 2012, na mradi wa Mikoko Pamoja ukaanza 2013, mengi umeyasikia kwa simu tu. Ile siku uliniuliza "eti siku hizi mwauza hewa?" nlicheka nikakwambia ndio twauza, bas, sikukueleza. Nlikosea. Wacha nikueleze sasa.

Wajua lile tope jeusi la kule mikokoni, lile tulikua tukilikanyaga lanuka mayai mabovu mpaka nyumbani twakatazwa kuingia ndani? Lile tope ndo mali yenyewe. Majani ya mkoko na mizizi mikuukuu yaanguka yafukiwa humo, na humo hamna hewa, kwa hivo hayaozi yakaisha kama majani ya muembe, yakaa miaka na miaka. Kaboni iliyokuwa kwenye jani yabaki imefungiwa chini. Watu wa KMFRI, ile taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na samaki, wale wa kituo chetu hapa hapa Gazi, wametueleza kua kaboni iliyo chini ya tope ni nyingi kushinda ya mti unaouona kwa macho. Sasa ukikata mkoko, jua laingia, tope lakauka, na ile iliyofungiwa yaanza kutoka. Kwa hivo mwenye kununua, yule wa mbali anayetaka kufidia moshi wake mwenyewe, hainunui hewa, anatulipa sisi tusikate na tupande palipokatwa. Eneo lenyewe ni hekta 117, katika hizo kama hekta 10 ni mikoko iliyopandwa kwa mikono, na imehesabiwa kua yazuia kama tani 3,000 za hewa ya ukaa kwa mwaka. Cheti ni cha Plan Vivo, shirika la nje linalothibitisha miradi kama hii, na kuna jumuiya ndogo kule Scotland inayosaidia kuuza. Miaka ya mwanzo ilikua yaingia kama dola 12,000 kwa mwaka, milioni moja ya kwetu na kidogo juu.

Utasema milioni moja kwa vijiji viwili, Gazi na Makongeni, ni pesa gani. Ni kweli ukigawa kwa vichwa kila mtu apata nauli ya matatu. Lakini haigawanywi kwa vichwa. Watu waitwa baraza, waambiwa mwaka huu kumeingia kiasi fulani, haya semeni. Na watu wasema kweli kweli, si ile mikutano ya zamani ya kukaa jua kali kumsikiza mkubwa asome karatasi. Nakumbuka moja ya hizo, kina mama tuling'ang'ana na maji, wengine wasema shule kwanza watoto hawana vitabu, kukawa na kelele mpaka adhana ya laasiri ikatukuta pale pale. Maji yalikuja. Vitabu vya shule vikaja baadaye. Leo ukifungua mfereji maji yatoka, mamako na mguu wake ule hatembei na mtungi. Wewe wakumbuka tulivokua twatembea na mitungi, wala sina haja ya kukueleza.

Ndo nasema, hizo boriti mia si za serikali wala si za mtu asiyejulikana. Ni za mamako.

Na tena si kama hatujawahi kuona mikoko ikiisha ikawa vipi. Wazee wasema miaka ya 1970 ilikatwa mingi kwa kuchomea chokaa na matofali, yakatwa yaondoka na malori, na ule upande wa baharini kabisa wa mililana, ile mikoko ya mbele inayopigwa na mawimbi, ukabaki wazi. Wapajua pale pa mchanga ambapo kuna visiki vyeusi vyatokeza maji yakipwa? Tulikua tukiruka ruka juu yake tukicheza. Mimi nlidhani bahari imevileta. Kumbe ulikua msitu! Na ndo maana mawimbi yalipata njia yakala ufuo na minazi yakaiangusha, mchanga ukaingia ndani ukafukia mizizi ya iliyobaki, ile inayopumulia, na miti ikafa imesimama. Miaka ya 1990 akina Dakta Kairo wa KMFRI wakaanza kupanda upya na wanakijiji, sisi tuko wadogo twawaona tu wakipita na magunia ya mbegu, watu wengine wawacheka eti wapanda baharini. Iliyopandwa wakati ule leo ni msitu, ukiingia ndani hulioni jua.

Mwezi jana nlienda kupanda. Twenda siku maji yakitoka sana, twaacha viatu juu, leso twazifunga viunoni, tope likufike magotini na mahali pengine mapajani, wavuta mguu mmoja wasikia lanyonya kama halitaki kukuacha. Mbegu ya mkoko ile ndefu waishika chini, wauangalia upande wenye ncha, wauchomeka theluthi hivi ndani ya tope, wapiga hatua moja, wachomeka nyingine. Ni kazi rahisi hiyo hata mtoto aweza. Kazi ni mlilana. Mlilana mbegu zake ndogo ndogo, lazima uzioteshe kitaluni kwanza mpaka mche upate nguvu, na ukiupeleka kule mbele ambako ndo kwahitajika zaidi, wimbi likija usiku mmoja laweza kuondoa nusu. Wapanda tena. Linaondoa. Wapanda tena.

Kitu kimoja hunikera nikwambie. Kuna wageni huja na basi na tisheti mpya, wapanda mia tano kwa saa moja, wapiga picha, waondoka, na walipopanda ni mchangani mahali hata mkoko wenyewe haukuwahi kuota. Mwezi ujao ukipita hakuna hata mmoja. Kupanda ni siku moja, kulinda ndo kila siku. Sisi tuna vijana wazunguka, kuna watu wa kupima, kila mwaka warudi kwa miti ile ile yenye alama, wazungusha tepu kifuani pa mti, waandika. Nlifuatana nao siku moja, kijana asoma namba mwenzake aandika, mti kwa mti, mbu wamewala masikio, hamna mtu wa kupiga picha pale. Mwaka 2017 Umoja wa Mataifa kupitia UNDP ulitupa tuzo ya Equator, watu wakafurahi sana, lakini mimi nkifikiria hiyo tuzo nafikiria wale vijana wa tepu. Na wenzetu wa Vanga, Jimbo na Kiwegu walikuja wakaona, nao wakaanza wao, hekta zaidi ya 400, wametushinda mbali kwa ukubwa.

Sasa wacha nikwambie upande wa pili pia, manake sitaki uone nakuhubiria. Kuna mzee wa mtaa wetu wa chini, humjui kwa jina lakini ukimuona utamkumbuka, alikua akikata boriti tangu ujana wake, wakati ule ilikua ni kazi ya halali na leseni anayo. Mradi ulipokuja alinambia hivi, nyinyi mlipata maji, mimi nikapoteza kazi, na maji yenyewe sinywi peke yangu. Sikua na jibu. Na mpaka leo naona hapo tulikosea, pesa ya wote imekwenda kwa wote, lakini hasara ilikua ya wachache, na kwenye baraza wale wachache huwa wamekaa nyuma hawasemi. Mimi nshalisema hili mara mbili na nitalisema tena, manake huyo anayeingia usiku na mtumbwi hajaingia kwa sababu apenda giza. Ana watoto. Kakako akimpa pesa ya boriti leo, kesho atapata mwingine wa kumpa, na huyo kijana anayezunguka usiku kulinda ni mtoto wa shangazi yake. Watu wa nyumba moja waanza kuviziana mikokoni. Hilo ndo naliogopa kushinda hata miti.

Lakini yule mzee hakukaa tu. Alipanda mivinje kwa shamba lake, mradi wenyewe ulikua wahimiza watu wapande mivinje wapate kuni na nguzo, wengine wakapanda wakaiacha ikaliwa na mbuzi, yeye akaitunza. Jana jioni nlikwenda kwake makusudi kwa ajili yako. Imesimama safu safu, imenyooka, chini kumejaa zile sindano zake laini watembea kama kwa zulia. Akanipitisha akigonga mmoja mmoja na upanga, huu tayari, huu ngoja, huu tayari. Nkahesabu 84 za kufaa boriti. Zilizobaki asema zataka mwaka.

Nshamuuliza fundi wako pia, nlimvizia akiwa peke yake. Asema mvinje wafaa ila haudumu kama mkoko, mchwa huupenda, na hilo sikufichi, mkoko hauna mfano. Ila asema ukimenya ganda, ukauke vizuri kivulini, upakwe oili chafu kabla haujapanda juu, utakaa. Na akasema jambo ambalo mimi silijui, kua ukipunguza lile baraza la mbele kwa futi mbili, boriti zapungua, hizo 84 zaweza kutosha. Bei ya mzee ni juu kidogo ya ile ya mtumbwi. Iliyozidi nlihesabu, ni kama ile pesa uliyonitumia Idi ya watoto, na mimi niko radhi uitoe hapo, nasema kwa moyo safi wallahi.

Tafadhali mpigie kakako wewe mwenyewe. Mimi nikimwambia ataona namchunguza na tutakosana, na ni mtu mzuri, amesimamia nyumba yako hii hajala shilingi, alitaka tu kukuokolea pesa. Muulize fundi ataka nini, umuelekeze kwa mzee, usimtaje mtumbwi kabisa kama waweza, mwambie tu umesikia mivinje ni mizuri na umeipenda. Yeye atajua.

Bamvua inaanza Jumatano. Leo ni Jumapili na maji bado mafu. Yule mzee ameshatoa ganda miti miwili ili uione, nimekupigia picha nakutumia sasa hivi, tazama ule wa kushoto ulivo mweupe.

Mamako akusalimu sana, ataka ile dawa ya kuchua umletee chupa mbili.

Nangoja simu yako. Ni mimi shogako.