Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Koo la Mtoto na Moyo Wake

Assalaam aleikum, ndugu wanachama.

Hesabu atazisoma mweka hazina; ada mmelipa vizuri na deni la nauli ya mashua limekwisha. Mimi naomba nizungumzie jambo lililotukutanisha sisi wazazi wa Lamu: mafindofindo yaliyowaachia watoto wetu ugonjwa wa moyo.

Mwaka mzima, Langoni hadi Matondoni, nimeulizwa swali moja: mwili una kinga, mbona mdudu huyu hukaa kooni kana kwamba hakuna mlinzi? Mdudu mwenyewe ni bakteria aitwaye streptokokasi; hujivika utando wa sukari ile ile iliyomo katika viungo vyetu, basi askari wa mwili humdhania mwenyeji. Tena ana protini iitwayo M, iliyobainishwa na Rebecca Lancefield wa Marekani mwaka 1928, inayozuia kinga isimtie alama ya kuliwa. Aina zake zinapita 200. Mtoto akipona moja, nyingine bado humpata.

Wavuvi wetu waliguswa zaidi na habari ya nyavu. Chembe nyeupe za damu hutupa nyuzi za DNA, yaani vinasaba vyao wenyewe, ili kumnasa mdudu, naye ana kimeng'enya cha kuzikata, akachoropoka kama papa aliyepasua jarife. Mzee mmoja wa Shela alinyamaza kitambo, kisha akasema sasa ameelewa kwa nini asali na tangawizi hazikumtosha mjukuu wake.

Uchungu wenyewe uko hapa: ile protini M inafanana na nyama ya moyo. Wiki 2 au 3 baada ya koo kupoa, kinga iliyoandaliwa kwa mdudu huigeukia milango ya moyo.

Si kila koo linalouma lina mdudu huyu, ndiyo maana daktari aangalie. Lakini kukata kilimi hakumtoi, nakataa kabisa. Penisilini humuua hadi leo. Ikianza ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma, hatari kwa moyo hupungua sana, na vidonge humalizwa siku 10, hata maumivu yakiisha siku ya tatu.

Kusi lililopita watoto kadhaa wa Pate walikosa sindano zao za penisilini za kila mwezi kwa bahari kuchafuka. Limeniuma mno. Wenye watoto wa sindano huko na Faza, nileteeni majina kabla ya Aprili, tupange mashua mapema.