Televisheni za vyumba vya kusubiria zipunguzwe sauti

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu kuhusu kelele za televisheni katika vyumba vya kusubiria vya vituo vyetu vya afya, jambo ambalo sisi wagonjwa wa presha tunalijua vizuri ingawa hatulisemi.

Mimi ni mstaafu wa bandarini, na kila mwezi huenda kliniki kupimwa. Mwezi uliopita nilikaa karibu saa mbili kwenye benchi lililo chini ya televisheni iliyofunguliwa sauti mpaka mwisho, nyimbo za kuchezea harusini zikipokezana na matangazo ya biashara, na muuguzi akilazimika kutoka mlangoni na kutuita kwa ishara ya mkono kwa kuwa majina hayasikiki. Zamu yangu ilipofika nilifungwa mkanda papo hapo, kipimo kikasoma 168 kwa 100. Muuguzi yule, Mungu ambariki, alinitazama kidogo kisha akaniambia, "Mzee wangu, hebu kakae nje chini ya mwembe kwanza, na usizungumze na mtu." Baada ya robo saa alinipima tena, tukapata 146 kwa 88, nami katikati sikuwa nimemeza hata maji.

Utaratibu wa kupima presha unataka mgonjwa akae ametulia kwa dakika 5 kabla ya kufungwa mkanda, mgongo umeegemea, miguu imekanyaga chini, na asizungumze. Chumba chenye kelele kinalivunja sharti hilo kabla mgonjwa hajaingia kwa daktari, na hofu yangu ni kwamba wapo wenzetu walioongezewa vidonge kwa sababu ya televisheni.

Hata hivyo sidai chumba kiwe kimya kama makaburini, kwa sababu mgonjwa aliyeachwa na mawazo yake peke yake naye hatulii. Muziki wa taratibu, wa mapigo kama 60 hadi 80 kwa dakika, hukaribiana na mwendo wa moyo wa mtu aliyepumzika, na msikilizaji akiuzoea, pumzi zake nazo huelekea kupungua kasi bila yeye kujilazimisha. Mwaka 2013 Cochrane, taasisi ya kimataifa inayokusanya na kuchambua tafiti za tiba, ilichapisha mapitio ya majaribio 26 yaliyohusu wagonjwa 2,051 waliokuwa wakisubiri upasuaji, ikaeleza kwamba kusikiliza muziki huenda kukawapunguzia wasiwasi. Basi ikiwa anayesubiri kisu anaweza kutulizwa kwa njia hiyo, sioni kwa nini anayesubiri dirisha la dawa apigiwe ngoma.

Mama zetu walilijua jambo hili bila mapitio yoyote. Mama anayembembeleza mtoto huanza kwa sauti inayokipata kilio chake, akamtikisa kwa mwendo wa haraka kidogo, kisha akawa anaishusha sauti na kupunguza mwendo hatua kwa hatua, mpaka mwisho hubaki mguno tu na mtoto amelala. Watu wa tiba ya muziki hufuata njia hiyo hiyo: huanza na muziki unaolingana na hali ya mgonjwa, halafu wakamshusha taratibu.

Hapa Unguja hatuna haja ya kuagiza muziki huo ng'ambo. Tangu kikundi cha taarabu cha Ikhwani Safaa kilipoanzishwa mwaka 1905, wasikilizaji wa taarabu wamezoea onyesho kufunguliwa kwa bashraf, kipande kisicho na maneno, ambamo fidla, udi na nai hutembea pamoja bila haraka na ganuni ikidondoa noti zake moja moja kati yao. Ukosefu wa maneno ndio faida yake kubwa kwa mgonjwa, maana hakuna kisa cha kufuatilia wala mtu wa kumkasirikia. Sizungumzii mipasho. Mipasho naipenda, na mke wangu anaipenda zaidi, lakini mtu aliyekwisha kukorofishana na jirani yake asubuhi hiyo haimtulizi hata kidogo; humkumbusha alichosahau kumjibu.

Sauti nayo iwe ya kiasi. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba mtu mzima asisikilize sauti ya desibeli 80 kwa zaidi ya saa 40 kwa wiki, na wauguzi wetu hukaa chini ya televisheni hizo siku nzima, wiki nzima, hali sisi tunapita tu. Nieleweke pia kwamba muziki hautibu presha. Vidonge vyangu nameza kila asubuhi kama nilivyoagizwa, na bashraf huisikiliza jioni baada ya sala ya isha, redio ikiwa chini kiasi cha kusikia mlango ukibishwa.

Ninachowaomba wakuu wa vituo hakihitaji bajeti. Televisheni iliyo karibu na chumba cha kupimia presha izimwe sauti saa za kliniki, muziki wa ala upigwe kwa sauti ambayo haimzuii mgonjwa kusikia jina lake, na rimoti ikae mezani kwa muuguzi, kwani hivi sasa hushikwa na yeyote aliyewahi kufika.

Msomaji wako,
Kikwajuni, Zanzibar