Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Msimbo wa Gemu za Zamani na Haki za Wenyewe

Ndugu wanachama,

Hesabu za mwaka atazisoma mweka hazina. Mimi nitakaa kwenye suala lililotawala vikao vyetu: je, chama kiweke hadharani msimbo chanzo (maandishi ya programu kama yalivyoandikwa na watengenezaji) na matoleo ya majaribio ya gemu yaliyomo kwenye diski tunazoletewa?

Wapo miongoni mwenu waliosema kwamba gemu iliyotelekezwa na kampuni yake haina mwenyewe. Sheria haisemi hivyo. Nchini Marekani, zilikotengenezwa nyingi kati ya hizi, kazi ya waajiriwa wa kampuni hulindwa miaka 95 tangu ichapishwe au 120 tangu iundwe, ule muda unaoisha mapema. Toleo ambalo halikuwahi kuuzwa nalo limo humo. Kenya iliingia Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, mwaka 1993 na Tanzania 1994, kwa hiyo kazi hizo zinalindwa hata kwetu, kwa sheria za hapa. Anayenunua diski kuukuu amenunua diski tu.

Halafu msimbo mmoja huwa na wenyewe wengi. Kampuni ya Id Software ilipotoa msimbo wa gemu yake ya Doom Desemba 1997, haikuweza kutoa ule wa DOS, mfumo wa kompyuta wa zamani, kama ulivyo, kwa sababu sehemu ya sauti ilikuwa ya mtu mwingine. Ikatoa wa mfumo mwingine, Linux. Leseni ya kwanza ilikataza biashara, ya GPL, inayomruhusu yeyote kutumia, kubadili na kusambaza msimbo kwa masharti yake, ikafuata 1999, na mpaka leo picha, sauti na ramani za gemu hiyo hazimo katika ruhusa hiyo. Mwaka 2011 ikaja zamu ya Doom 3, na John Carmack, mwandishi mkuu wa programu wa Id, akalazimika kuandika upya sehemu inayochora vivuli kwa sababu ya hataza (haki ya kumiliki uvumbuzi) ya kampuni ya Creative. Ikiwa mwenye mali alikwama hivyo, sisi tulioletewa diski tutapita wapi?

Waliounda upya msimbo wa Grand Theft Auto III na Vice City kwa kuichambua programu yenyewe walishtakiwa na Take-Two, kampuni yenye gemu hizo, mwaka 2021. Ilikuwa kazi ya mapenzi, na mapenzi hayakuwakinga.

Lakini ruhusa hupatikana. Jordan Mechner alitoa msimbo wa gemu aliyoitengeneza, Prince of Persia, mwaka 2012, baada ya baba yake kuzikuta diski zake za zamani. Kampuni ya EA ilitoa msimbo wa gemu yake ya Red Alert kwa GPL mwaka 2020, na wa Generals Februari 2025.

Nasema wazi kwamba muda huu wa sheria ni mrefu kupita kiasi. Diski ya sumaku haisubiri miaka 95. Oktoba 2024 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani ilikataa kuziruhusu maktaba ziwafungulie watafiti walio mbali gemu zisizouzwa tena, na naona uamuzi huo unaumiza historia yetu sote.

Kamati inapendekeza diski zote zibaki chini ya ulinzi wa chama, pasiwepo chochote kinachopandishwa mtandaoni bila ruhusa ya maandishi, na kila barua ya kuomba ruhusa itaje kando kando msimbo, picha na sauti, na sehemu za watu wengine. Wanachama wenye taaluma ya sheria tunawaomba wajiunge na kamati ndogo ya kuwatafuta warithi wa kampuni zilizofungwa.

Kura itapigwa baada ya taarifa ya mweka hazina.