Risala ya akina mama wa kikundi cha kuweka na kukopa kwa Mgeni Rasmi, siku ya mgao, Dodoma

Ndugu Mgeni Rasmi, Afisa Maendeleo ya Jamii, Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, Mwenyekiti wa Mtaa, viongozi wetu wa dini, wageni waalikwa, wanachama wenzangu na familia zenu. Itifaki imezingatiwa. Mbukwenyi!

Tunamshukuru Mungu kwa kutukutanisha salama, na wewe Mgeni Rasmi tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu pamoja na majukumu mengi uliyonayo.

Kikundi chetu kina wauza nyanya na mbogamboga wa soko la Majengo, mama lishe, na mafundi cherehani. Tunakutana kila Jumamosi, tunanunua hisa, tunakopa, tunarejesha, na leo tunagawana. Hesabu zote zimo kwenye taarifa ya mweka hazina utakayokabidhiwa, hivyo risala hii haitazirudia. Tumeona tutumie nafasi hii kukueleza jambo ambalo halina safu kwenye daftari letu, nalo ni afya ya akili ya wanachama.

Ndugu Mgeni Rasmi, katiba yetu inasema asiyehudhuria kikao bila taarifa analipa faini. Mwaka jana tuliongeza kifungu: mwanachama akikosa vikao viwili mfululizo, wenzake wawili wamfuate nyumbani kabla faini haijaandikwa. Kifungu hicho kilitufikisha kwa mwenzetu mmoja, ambaye ameridhia tuyaseme haya mradi tusimtaje jina.

Alikuwa na mtoto mchanga. Waliokwenda walikuta tenga la nyanya uani, nyanya zimeoza na nzi wamejaa, ndoo za maji tupu, na mlango umefungwa ilhali jua limeshakuwa kali. Mwenyewe alikuwa amelala kwenye mkeka, nguo ile ile ya juzi. Alisema usiku hapati usingizi, chakula hakipiti, na mtoto akilia yeye anamtazama tu kama wa jirani. Simu alikuwa ameizima, kwa sababu wale waliomkopesha mkopo wa kausha damu, yaani mkopo wa mtaani wenye riba kubwa, walianza kumpigia na kumtukana tangu alfajiri.

Hakuna aliyemwambia ajikaze. Mmoja alimbeba mtoto mgongoni, mwingine akachota maji na kukoroga uji. Alipokwisha kunywa ndipo wakakaa, wakamsikiliza mpaka akamaliza, bila kumkatiza kwa habari za fulani aliyepata makubwa kuliko yake. Kisha wakamuuliza waziwazi: "Mwenzetu, umewahi kuwaza kujiua?" Alilia sana, akakubali kwamba wazo hilo linamjia.

Tunajua swali hilo linatisha. Wengi wetu tulikua tukiamini kwamba ukimuuliza mtu hivyo ndiyo umempa wazo. Wataalamu wa afya wanasema si kweli. Kuuliza kwa upole kunampa mtu nafasi ya kuutua mzigo aliokuwa ameubeba peke yake. Na mtu akikubali kwamba anawaza hivyo, haachwi peke yake. Anakaa na mtu, sumu za panya na za mashambani zinaondolewa ndani ya nyumba, na anasindikizwa kwa mtaalamu siku hiyo hiyo.

Mwenzetu alisindikizwa hadi Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, hapa hapa Dodoma. Kilichomsumbua kilikuwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, ya baada ya kujifungua. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mama 1 kati ya 5 hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, baada ya kujifungua. Ukitazama akina mama waliokaa hapa mbele na watoto mapajani, utaona kwamba jambo hili si la mtu mmoja.

Alipewa dawa na ushauri nasaha. Dawa za sonona hazifanyi kazi kama panadoli. Huchukua wiki kadhaa kabla mtu hajaona nafuu, na hapo ndipo wengi huziacha. Kwa hiyo tulipanga zamu ya kumpitia, kumkumbusha, na kwenda naye kliniki. Leo yupo kati yetu. Zipo siku bado zinakuwa ngumu kwake, na siku hizo hutuma ujumbe asubuhi, anafuatwa.

Hatujiiti madaktari. Lakini mwaka 2006 nchini Zimbabwe, Dkt. Dixon Chibanda alianza na mabibi 14 wa Mbare, mjini Harare, akawafundisha kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye mawazo mazito. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba waliozungumza na wahudumu hao wasio madaktari walipata nafuu zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Kama mabibi wa Mbare waliweza, akina mama wa Dodoma watashindwaje?

Nasi wenyewe tumelazimika kujitunza. Mwanamke anayeamka usiku wa manane kuwahi mzigo wa nyanya, akarudi jioni kupika na kufua, kisha akabebeshwa siri nzito ya mwenzake, naye anaweza kuanguka. Ndiyo maana anayemfuata mgonjwa haendi peke yake, na zamu hubadilika kila wiki. Aliyechoka anaruhusiwa kusema "wiki hii siwezi", na hakuna anayemnunia. Kabla sanduku halijafunguliwa, kila mmoja anasema amelalaje wiki hiyo. Mwanzoni wote tulijibu "salama tu". Siku hizi yupo anayesema kweli, na siri ya kikao haitoki nje. Anayeitoa anatozwa faini kubwa kuliko zote.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunayo maombi. Kwanza, mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri itufikie kwa wakati. Mama anayesubiri mkopo huo hadi ada ya mtoto inadaiwa ndiye anayekimbilia kausha damu, na tumeona kausha damu inavyomkausha mtu hata usingizi. Pili, utuunganishe na wataalamu watufundishe kutambua dalili mapema, hasa huzuni au kukosa hamu ya mambo yote inayozidi wiki mbili, na wahudumu wa afya wa mtaani wafundishwe pamoja nasi.

Ombi la tatu halihitaji bajeti. Utusaidie kusema majukwaani kwamba kumwambia mtu "nenda Mirembe" kama tusi kukome. Mwenzetu alipofika karibu na geti alijifunika kanga usoni asionekane na mtu wa sokoni. Hospitali hiyo iko jirani kuliko ndugu zetu wengi, lakini aibu imeifanya iwe mbali.

Baada ya mgao, wanachama wawili wa zamu watabaki chini ya mwarobaini ule pale. Yeyote mwenye neno, mwanachama au mgeni, mwanamke au mwanamume, anakaribishwa.

Ndugu Mgeni Rasmi, naomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya wanachama wote.