Matengenezo ya nyumba kabla ya mvua za Septemba

Wababa na wamama wenye nyumba, jambo.

Wengi mmeomba orodha moja ya matengenezo kwa nyumba zote tunazopangisha hapa Goma. Mimi sikubaliani. Nyumba ya mbao ya Majengo, iliyosimama juu ya mawe ya mlipuko wa volkano Nyiragongo wa 2002, haiharibiki sawa na nyumba ya matofali ya Himbi, karibu na ziwa.

Kwenye nyumba za mbao, fundi aanzie chini. Ubao unaogusa udongo huoza, basi uinuliwe juu ya mawe. Kisha atazame nyaya za umeme: waya uliochubuka, uliopitishwa kati ya mbao kavu, unaweza kuteketeza mtaa mzima. Hapo msihurumie pesa, jamani, watoto wanalala mle ndani. Choo nacho kina shida yake. Mwamba ni mgumu kuchimba, mashimo ni mafupi na yanajaa upesi. Kipimwe kabla mpangaji hajalalamika.

Himbi, angalieni zaidi mabomba, tanki na unyevu kwenye kuta.

Mabati ni ya wote. Moshi wa Nyiragongo hutia asidi kwenye mvua, na kutu huanzia kwenye misumari. Pakeni rangi ya kuzuia kutu mapema.

Na garanti ya mpangaji, yaani pesa ya dhamana aliyoweka alipoingia, si pesa ya kubadilisha paa lililochakaa, hilo ni letu.

Tumeni picha za mapaa humu kufikia Jumapili, tutafute fundi kwa kila mtaa.