Swali lako kuhusu hatia ya Wajerumani

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unasema mwenzako wa chuo, Mjerumani, alipojua unatoka Tanzania alikuomba radhi kwa Vita vya Majimaji, vita vya babu zetu dhidi ya utawala wa Kijerumani (1905–1907), huku machozi yakimlengalenga, nawe ukakosa la kumjibu. Unauliza kama kweli anastahili kujiona mkosaji.

Mimi nasema hapana. Hatia ni ya aliyetenda. Binti wa rika lako hakumnyonga mtu wala hakuchoma ghala la mtama. Aliyekuwa gavana ni von Götzen, na jeshi lake ndilo lililoteketeza mashamba na vyakula mpaka njaa ikaua watu wengi kuliko risasi. Makadirio ya wanahistoria yanafika watu 300,000. Kumtwisha binti huyu mzigo ule ni kukubali kwamba uovu unakaa kwenye damu, na hiyo ndiyo imani waliyokuja nayo wakoloni walipotutawala.

Ila asiseme basi yamekwisha. Mtu hufa, dola haifi. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alisimama Songea akaomba msamaha. Yeye amezaliwa 1956, nusu karne baada ya mashujaa wa Kingoni kunyongwa pale Februari 1906. Hakuomba kwa kosa lake. Aliomba kwa niaba ya dola ambayo bado ipo. Na ukoo wa Nduna Songea Mbano, jemadari wa Kingoni aliyenyongwa pia, unaamini kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na mpaka leo unakidai. Hapo machozi ya mtu hayasaidii kitu. Kinachotakiwa ni makabati ya makumbusho yafunguliwe na daftari za waliopokea mafuvu zisomwe. Fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe, lilirudi Kalenga mwaka 1954, ingawa Mkataba wa Versailles ulishaagiza lirudishwe tangu 1919.

Halafu kuna Tendaguru, na hili ndilo linaloniuma zaidi. Ukifika Berlin utamwona yule dinosaria mkubwa kwenye makumbusho ya elimu ya viumbe, urefu wake kwenda juu unapita mita 13. Mifupa yake ilichimbwa huko Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya 1909 na 1913, na watu wetu waliibeba vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu, hadi bandarini. Hebu fikiria: eneo lile lilikuwa limetoka vitani na njaani juzi tu, na waliosalia ndio wanajitwisha mizigo hiyo kwa ujira mdogo. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, fundi hodari wa kuchimbua na kutayarisha mifupa. Muulize mwenzako kama amewahi kulisikia jina hilo shuleni. Makumbusho yale yanaingiza watu hadi leo, na Lindi unaijua ilivyo. Faida bado inaliwa, kwa hiyo deni lipo, hata kama anayeila hana kosa.

Na sisi tusijifanye wasafi, mwanangu. Askari wengi waliochoma vijiji vile walikuwa Waafrika: Wasudani, Wanyamwezi, Wamanyema. Maakida, yaani maofisa wadogo wa serikali ya kikoloni, waliowachapa watu viboko kwenye mashamba ya pamba, wengi walitoka pwani, wakizungumza lugha hii hii ninayokuandikia. Wajukuu zao tunaishi nao, pengine tumeoleana nao. Hakuna anayewadai machozi, na ni sawa. Lakini habari zao tunazipitia haraka mno, kana kwamba Mjerumani alikuja na jeshi zima kutoka kwao.

Kwa hiyo usimkatalie mwenzako radhi yake, wala usimwache akae nayo tu. Mwambie aandike kwa mbunge wake kuhusu kichwa cha Nduna Songea. Anapiga kura kule, wewe hupigi.

Baba yako