Karatasi umeiweka wapi?

Mama yangu,

Basi lako sasa liko Kasumbalesa kwenye foleni, na mimi bado nawaza ile karatasi ya laboratwari. Kama iko kwenye valizi, itoe, ikae nawe mwilini. Ukifika Lusaka, mwonyeshe daktari mstari wa TSH, ile homoni inayoiamrisha tezi ya shingo, kabla hajaliona rovu. Wakianza na rovu watakwenda moja kwa moja shingoni, kama wale wa hapa.

Wewe ndiwe uliyenifundisha, nami nimelitangaza Katuba nzima: tezi ya shingo ikizidisha homoni, TSH hushuka karibu na sifuri. Yako haikushuka. Basi anayeamrisha yuko juu, uvimbe kwenye kitezi kama punje ya kunde chini ya ubongo. Ukikata shingo, huyo anabaki palepale, pengine anazidi kunenepa. Mwaka jana kalamu ya kutia sahihi ukatwe shingo nilikwisha kuishika. Na mabati niliyanunua mwezi uleule ulioomba hela ya IRM, ile picha ya kuonyesha ndani ya kichwa. Hayavuji, ndiyo.

Usiwaeleze mikono kutetemeka na jasho tu. Wataje macho! Siku ya matanga ulimpita shangazi yako aliyeketi kando ya mlango, hukumsalimu, nikakugombeza mbele ya watu. Kumbe uvimbe ukibana mishipa ya macho, pembeni kote kunazimika, unaona mbele tu. Bega lako lenye alama ya fremu ya mlango nililiona, nikasema msichana huyu ana haraka. Shangazi nimemweleza. Kalia, kisha kauliza kama ulibeba karanga zake.

Lakini nawe ni mbishi. Ukipata nafuu siku mbili, vidonge unavitupa. Wakitaka kukutuliza homoni kwanza kwa sindano kabla ya kupitisha vyombo puani kuutoa uvimbe, ngoja, hata kama ni wiki nyingi. Usiwakimbize kwa sababu ya dola. Dola niachie mimi.

Ile karatasi ipige picha pia, unitumie.

Umeme haujarudi tangu Jumatatu. Yaya wako anasonga bukari kwa makala, na makala yamefungiwa stoo. Ufunguo hauonekani. Tazama mfukoni mwa koti. Kama umeondoka nao, mpe dereva wa basi linalorudi.

Baba yako